Ulimi wa Blarney

Wahenga wetu walisema kwamba maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Waingereza nao wana neno lao la mazungumzo kwa maneno ya namna hiyo, na neno lenyewe ni jina la kijiji. Kijiji hicho kinaitwa Blarney, nacho kipo kusini mwa Ireland, yapata kilomita 8 kutoka mji wa Cork. Mtu akikusifu mpaka ukajisahau, akakuahidi jambo kwa sauti laini, na mwisho wa yote ukajikuta umempa alichokitaka, Mwingereza atasema, huku akitabasamu, kwamba umepewa blarney.

Neno hili hutumika kama jina na pia kama kitenzi. Si neno la mahakamani wala la barua za serikali. Hakimu hawezi kumtia mtu hatiani kwa kosa la blarney. Kwa mtu anayechukua mali ya wenzake kwa uongo, sheria ina majina mengine yaliyo makali zaidi. Blarney ni neno la sebuleni, la sokoni na la baa. Mchuuzi anayemwambia mama wa makamo kwamba alidhani yeye ni dada wa binti yake, kijana anayemsifia shangazi mapishi yake ili ampe nauli, mwanasiasa anayeingia katika mkutano wa watu wenye hasira na kutoka akishangiliwa: wote hao huweza kuambiwa wana blarney, na wengine wao watalipokea neno hilo kama sifa. Ndani yake mna lawama kidogo, na mna kustaajabia kwingi.

Kabla sijapewa shule ya kuongoza, nilifundisha Historia na Kiingereza katika chuo cha ualimu. Siku moja nililiandika neno hili ubaoni, nikawataka wanachuo walitafutie mwenzake katika Kiswahili. Wa kwanza alisema ni kubembeleza. Wenzake wakamkatalia, kwa kuwa mtoto hubembelezwa alale na hapo hapana hila yoyote. Wa pili akasema kushawishi. Akajibiwa kwamba hata mganga humshawishi mgonjwa anywe dawa chungu. Wa tatu akataja kulaghai, wa nne kuhadaa na kurubuni, na hapo tukaona tumekwenda mbali mno, maana aliyerubuniwa amekwisha kudhurika. Binti mmoja kutoka Tanga akasema, "Mwalimu, si kurairai?" Tukakaribia. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya darasa: kumvisha mtu kilemba cha ukoka. Darasa zima lilicheka, nami nikajua tumefika.

Ukoka ni majani tu. Anayevishwa huona fahari, na anayemvisha anajua kwamba kilemba kitakauka kabla ya jioni. Basi tukakubaliana kwamba blarney hukaa mahali fulani kati ya kurairai na kulaghai, na kwamba kilemba cha ukoka ndicho kilicho jirani yake wa karibu. Lakini mwanachuo mmoja hakuridhika. Aliuliza, "Sisi tumetumia majani, ambayo hayana mwenyewe. Kwa nini wao wametumia kijiji cha watu?"

Swali hilo ni la historia, na jibu lake linaanzia kwenye ngome. Mwaka 1446 Cormac MacCarthy, aliyeitwa Cormac mwenye nguvu, alijenga ngome ya mawe pale Blarney. Mnara wake una urefu wa karibu mita 27 na bado umesimama hadi leo, ingawa hauna paa. Yeye na warithi wake walikuwa watawala wa Muskerry, nchi ya malisho na mito iliyo magharibi mwa Cork. Walikuwa na watu wao, sheria zao za jadi, na malenga wa kuwasifu kwa Kiayalandi.

Kisa kinachosimuliwa kinasema hivi. Malkia Elizabeth wa Kwanza, aliyetawala Uingereza tangu 1558 hadi 1603, aliwataka watemi wa Ireland waikabidhi ardhi yao kwake, kisha awarudishie wakiwa wapangaji wake. Mpango huo ulianzishwa na baba yake, Mfalme Henry wa Nane, katika miaka ya 1540. Ukiutazama vizuri utaona ukali wake. Mtemi akikataa, ni mwasi na ardhi yake itatwaliwa kwa vita. Akikubali, ardhi ya ukoo inageuka kuwa zawadi ya malkia, na mwenye kutoa zawadi anaweza siku moja kuitaka irudi. Basi mtemi wa Blarney hakukataa, na wala hakukabidhi. Kila mjumbe aliyetumwa kwake alirudi na barua ya heshima, sifa za malkia, kiapo cha utii, na udhuru mmoja mpya. Mwisho malkia akachoka, akasema kwamba hayo yote ni Blarney tu: mtu huyu hasemi anachokikusudia.

Kisa ni kizuri, lakini mwanafunzi wa historia hana budi kukipima. Wasimulizi wengi humtaja mtemi kwa jina la Cormac Teige MacCarthy, na humtaja mjumbe wa malkia kwa jina la George Carew. Carew alipewa uongozi wa jimbo la Munster mwaka 1600, wakati ambapo Cormac Teige alikuwa amefariki tangu 1583. Tena neno lenyewe, kwa maana hii tunayoizungumzia, linaonekana katika vitabu vya karne ya 18, malkia akiwa kaburini kwa zaidi ya miaka 150. Kwa hiyo kauli ya malkia tuiweke kwenye kapu la hadithi.

Hata hivyo hadithi haikuota hewani. Hali inayosimuliwa ilikuwa ya kweli kabisa. Jirani mkubwa wa akina MacCarthy, mtawala wa Desmond, aliasi mwaka 1579. Aliwindwa milimani na kuuawa mwaka 1583, na ardhi yake kubwa wakagawiwa walowezi kutoka Uingereza. Kaskazini, Hugh O'Neill alipigana na Waingereza tangu miaka ya 1590. Wahispania walikuja kumsaidia, wakatia nanga Kinsale, si mbali na Blarney, na mwaka 1601 wote wakashindwa hapo. Mwaka 1607 O'Neill na wenzake walipanda meli wakaikimbia nchi, na ardhi yao nayo wakapewa walowezi. Carew alimshuku mtemi wa Muskerry wa wakati huo, mrithi wa yule Cormac Teige, akamkamata mwaka 1602. Mtemi akatoroka, kisha akaomba msamaha kwa unyenyekevu mkubwa, na akasamehewa.

Tazama matokeo, msomaji. Waliochukua upanga walikwisha kupoteza nchi zao. Ukoo wa MacCarthy, uliokuwa ukiinama na kusifu na kuahidi, ulikaa na ardhi yake kwa miaka mia moja zaidi, ukiacha kipindi cha vita vya katikati ya karne ya 17, ngome ilipotekwa mwaka 1646 na kurudishwa baada ya 1660. Walikuja kuipoteza moja kwa moja pale walipojiunga na Mfalme James wa Pili dhidi ya William wa Orange, na upande wao ukashindwa mwaka 1691. Yaani kilichowaponza mwishoni kilikuwa vita. Ulimi uliwatunza muda mrefu kuliko ngome yenyewe.

Neno tunalokuta katika karne ya 18, hata hivyo, limekwisha kusahau mambo hayo yote. Mwaka 1766 Oliver Goldsmith, mwandishi aliyezaliwa Ireland, alichapisha riwaya yake The Vicar of Wakefield. Humo mna mwanamke anayejifanya bibi mkubwa wa mjini, ambaye huwalevya binti za mchungaji kwa sifa ili awavute kwenda London kwa nia mbaya. Jina alilopewa ni Lady Blarney. Mwaka 1785 Francis Grose alitoa kamusi ya maneno ya mitaani ya Kiingereza, naye akalieleza neno hili pamoja na jiwe lililo juu kabisa ya ngome ile. Alisema kulifikia jiwe hilo ilikuwa kazi ngumu ya kuthibitisha ushujaa, na kwamba wengi walijigamba kulifikia ilhali hawakupanda kamwe. Kutokana na hayo, akasema, neno limekuwa na maana ya kusimulia maajabu yasiyo ya kweli, na pengine kumsifu mtu kupita kiasi.

Hilo jiwe ndilo lililobaki maarufu hadi leo. Inasemekana anayelibusu hupata ufasaha usioisha. Wageni hupanda ngazi za mnara, hulala chali ukingoni, hushika vyuma vilivyowekwa hapo na kuinamisha kichwa nyuma na chini mpaka midomo iguse jiwe. Palikuwa na hadithi nyingi kuhusu asili yake. Wengine walisema Robert the Bruce, mfalme wa Uskoti, alilitoa kama shukrani kwa msaada wa vita ya Bannockburn ya mwaka 1314. Mwaka 2014 wanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Glasgow walichunguza kipande chembamba chake kilichohifadhiwa tangu karne ya 19, wakaona ni jiwe la chokaa la huko huko kusini mwa Ireland. Halikutoka Uskoti wala popote pengine. Lilichimbwa nyumbani kama mawe mengine.

Sasa turudi kwenye swali la yule mwanachuo. Kwa nini kijiji cha watu? Jibu langu ni kwamba neno lilitungwa na kuenezwa katika lugha ya mshindi. Katika maigizo yaliyochezwa London katika karne za 17 na 18, alikuwapo mhusika wa kuchekesha anayetoka Ireland, mwenye maneno mengi, majivuno na uongo mtamu. Watazamaji walimcheka na kumpenda. Kidogo kidogo jambo lililokuwa silaha ya mtu aliyebanwa likageuzwa kuwa tabia ya taifa zima, kana kwamba watu wa Ireland walizaliwa na ndimi za asali kwa sababu ya maji wanayokunywa au jiwe wanalobusu. Sababu yenyewe, yaani barua ya malkia mezani na jeshi lake mlangoni, haikutiwa katika kamusi.

Nimeishi na watu waliotumia silaha hiyo. Miaka ya 1990, nikiwa mkuu wa shule ya sekondari, alikuwapo mzee mmoja mkulima wa pamba aliyekuwa na binti shuleni kwangu. Bei ya pamba ilikuwa imeanguka, na malipo ya mkulima yalichelewa hata mwaka. Kila muhula mzee yule alifika ofisini bila ada. Alianza na salamu ndefu, akaulizia afya ya nyumba yangu, akasema kwamba tangu nije mimi hata miembe ya shule imeanza kuzaa. Kisha akaahidi kulipa baada ya mavuno. Mavuno yalipopita, palikuwa na msiba. Baada ya msiba, ng'ombe alikuwa hajapata mnunuzi. Mhasibu wetu alimwita mwongo. Mimi nilimtazama nikamwona anafanya hesabu ambayo mhasibu hakuiona: anahesabu miezi iliyobaki kabla binti hajamaliza kidato cha nne. Binti alimaliza. Deni nalo lilimalizika kwa mafungu madogo, miaka miwili baadaye. Mzee yule hakuwa na shamba la kuweka rehani wala ndugu serikalini. Alikuwa na ulimi, akautumia kununua muda. Mtu aliyekosa nguvu na fedha, ukimnyima na maneno, umembakizia nini?

Lakini ulimi mtamu hautumiwi na wanyonge peke yao, na hapa ndipo historia ya kwetu inapokutana na ile ya Blarney. Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters, akitokea Zanzibar, alivuka kuja bara pamoja na wenzake wachache. Alikuwa ametumwa na Jumuiya ya Ukoloni wa Kijerumani aliyoianzisha mwaka huo huo. Kwa muda wa majuma machache alipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami akigawa zawadi, akinywa na watawala wa huko, akiwapa heshima za kila aina, na kuwatilisha alama kwenye karatasi zilizoandikwa Kijerumani. Tarehe 29 Novemba alikuwa Msovero, katika Usagara, kwa Chifu Mangungo. Mkataba wa siku ile unaanza kwa kutangaza urafiki wa milele baina ya wawili hao. Mistari michache baadaye, nchi yote ya Msovero inakuwa ya Jumuiya ile ya Wajerumani kuitumia itakavyo.

Urafiki wa milele! Kama hicho si kilemba cha ukoka, sijui ukoka ni nini. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitia sahihi hati ya kuzilinda nchi hizo zilizopatikana kwa karatasi za Peters. Seyyid Barghash wa Zanzibar alipopinga, Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zilikuja kusimama mbele ya kasri lake mpaka akakubali. Hapo ndipo tunapoona tofauti ya ulimi wa mnyonge na ulimi wa mwenye nguvu. Wa kwanza hutangulia kwa sababu nyuma yake hakuna kitu. Wa pili hutangulia tu ili kupunguza gharama, kwa kuwa manowari zipo na zinaweza kufuata.

Na majina je? Maneno ya mtemi wa Blarney, yaliyochelewesha kunyang'anywa kwake, yamepewa jina la dhihaka. Maneno ya Peters, yaliyonyang'anya nchi ya watu, yamepewa jina la heshima: mkataba. Yamehifadhiwa katika nyaraka za serikali, yakawekwa mhuri, yakatetewa kwa mizinga. Hakuna lugha ya Ulaya niijuayo ambayo mtu akidanganywa kwa karatasi husema "amepewa Peters".

Lakini tusiwalaumu Waingereza peke yao, maana sisi wenyewe tumefanya jambo lile lile. Kwa miaka mingi sasa, hapa Tanzania, mkataba wowote unaoonekana umetuuza, uwe wa madini au wa kitu kingine, watu wakiwa vijiweni na wabunge wakiwa bungeni wameuita mkataba wa Mangungo. Jina la chifu wa Msovero limekuwa neno la kawaida lenye maana ya ujinga wa kutia sahihi usichokielewa. Lakini Mangungo aliwekewa mbele karatasi ya lugha ambayo hakuna mtu wake aliyeijua. Alichokisikia kwa mkalimani hatuwezi kukisikia leo. Mwenye kujua yaliyoandikwa alikuwa mmoja, naye ndiye aliyeyaandika. Huyo huyo baadaye, kwa ukatili wake huko Kilimanjaro, alifukuzwa katika utumishi wa serikali ya Ujerumani mwaka 1897. Aliyedanganywa ndiye tuliyemfanya methali, na aliyedanganya tukamwachia kitabu cha historia cha shule, ukurasa mmoja, na mtihani ukipita anasahaulika.

Wapo watakaosema kwamba maneno ni maneno tu, na kwamba anayesema blarney leo hakusudii kumtukana mtu wa Ireland. Ni kweli, na hata watu wa Ireland wenyewe wamelichukua neno hilo wakaligeuza kuwa biashara. Kijiji chao kinaishi kwa wageni wanaokuja kubusu jiwe. Sina ugomvi nao. Mtu aliyebandikwa jina akaweza kulila mkate, ameonyesha tena ule werevu wa wazee wake. Hofu yangu ni juu ya wale wanaofundishwa kwa maneno hayo bila kuelezwa yalikotoka. Mtoto anayekua akisikia "Mangungo" kila mara anapotajwa mjinga, anajifunza kwamba nchi yetu ilipotea kwa sababu mababu zake walikuwa wapumbavu. Akiisha kuamini hivyo, atakapokuwa mtu mzima na kuletewa karatasi nzuri na mgeni anayemsifu, hatamchunguza mgeni. Atajichunguza mwenyewe na kusema, "Mimi si kama Mangungo, mimi nimesoma," kisha atatia sahihi.

Wanachuo wangu niliwaachia kanuni mbili ndogo, nami naziweka hapa kwa msomaji yeyote atakayezihitaji. Ya kwanza, mtu akikusifu, usikimbilie kukasirika wala kufurahi. Tazama kwanza nani kati yenu mwenye jeshi. Kama mwenye jeshi ni wewe, huenda unasifiwa na mtu anayetafuta pumzi, na unaweza kumpa miezi yake michache. Kama mwenye jeshi ni yeye, omba karatasi isomwe yote, kwa lugha yako, mbele ya watu wako. Ya pili, ukikuta jina la mtu au la mahali limegeuzwa kuwa neno la dhihaka, uliza nani alilitunga na nani alikuwa akicheka.

Kwa upande wangu, karatasi zile za 1884 nimekwisha kuziita mikataba ya Peters. Naona jina hilo linamfaa zaidi mwenyewe.